Sahani za Maziwa

Juni, Helsinki. Jua ni mgeni asiyejua kuaga:
saa tatu usiku bado limeketi juu ya mapaa,
limemaliza chai, limemaliza habari,
na halinyanyuki.

Bibi Bluma alikaa na kiberiti mapajani,
mbele yake mishumaa miwili isiyowashwa,
akisoma karatasi ya sinagogi iliyobandikwa kwenye friji:
saa nne na dakika ishirini na nane.
"Torati iliteremka jangwani," akasema.
"Nani kule alikuwa na habari za Juni yetu?"
Majirani zetu huwasha saa moja, wakala, wakalala.
Bibi hataki. Sabato, kwake,
haivutwi mkono kama mtoto.

Desemba mambo hugeuka, Ijumaa hukimbia.
Alipokuwa akishona kofia za manyoya kwa Bwana Lehtonen,
saa nane mchana ameshavaa koti,
na Lehtonen akitazama saa, kisha dirisha, kisha yeye,
akimkata nusu siku ya mshahara bila neno.
Miaka kumi na tisa.
Hilo "bila neno" Bibi hulitamka
kama anayemshukuru mtu.

Mama na baba wamehamia Haifa, ambako jua lina adabu.
Saa yao ni saa yetu,
lakini wao walishaingia Sabato tangu jioni,
simu imezimwa,
wako kesho nasi tuko leo.

Tulikuwa tunamsubiri Noomi.
Dada yangu ni muuguzi; wagonjwa hawajui Ijumaa.

Saa nne na robo, kengele.
Noomi, mikono inanuka dawa ya hospitali,
na nyuma yake Aleksi, mara yake ya kwanza kwetu,
mrefu, viatu ameshavua nje ya mlango,
amebeba kitu ndani ya taulo
kama aliyekabidhiwa kichanga.
Mkate. Alisikia kwamba Ijumaa tunakula mkate wa kusukwa,
akausuka mwenyewe, asubuhi nzima,
kama anayesuka nywele za binti;
na mkate wa kusukwa, kwa mama yake, hutiwa iliki,
na iliki, kwa mama yake, haiendi bila siagi.

Siagi.

Mezani supu ya nyama ilikuwa inafuka mvuke.
Nyama na maziwa havikai meza moja:
hilo hata mimi ninalijua,
mimi ninayekula soseji za stesheni kwa siri.
Noomi alilijua tangu kwenye tramu, nililiona usoni mwake.
Aleksi peke yake alikuwa anatabasamu.

Bibi akainama, akaunusa mkate.
"Siagi kiasi gani?"
"Gramu mia moja," akajibu, kwa fahari.

Zilibaki dakika kumi na tatu.

"Ondoa supu," Bibi akaniambia.
"Supu ya kesho mchana hiyo. Nani kaiweka hapa?"
Ni yeye aliyeiweka.

Basi tukakimbia.
Sahani nyeupe zikarudi kabatini,
kitambaa kikang'olewa, kingine kikatandazwa,
zikashuka za buluu, za maziwa, zenye vumbi kidogo,
samaki wa chumvi, viazi vidogo vya msimu,
jibini iliyobaki tangu Jumatano.
Aleksi akauliza kama amekosea kitu.
"Umeleta mkate," Bibi akasema. "Shika ncha ile, ivute."

Njiti ya kwanza ilivunjika.
Ya pili ikashika, saa nne na ishirini na saba,
huku nje watoto wakigombania mpira
mchana kweupe.
Akafunika macho kwa viganja,
na midomo ikaenda.
Nadhani aliongeza maneno. Ilichukua muda kuliko kawaida.

Usiku kucha, kama usiku ule ni usiku,
supu ilinukia jikoni peke yake.

Siku hizi Aleksi hutia mafuta, siagi hathubutu.
Mkate wake sasa unakaa na nyama bila ugomvi.
Bibi husema ule wa kwanza ulikuwa mtamu zaidi,
na husema hivyo
akiwa na kipande cha nyama mdomoni.